SOMO: Kuitazama himoglobini kwa AlphaFold

Wadau, AlphaFold, programu ya akili bandia inayokisia umbo la protini, si ya wenye maabara tu. Simu na bando la kawaida vinatosha. Leo tunatumia protini inayotuhusu hasa: himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, na ambayo hitilafu ya herufi moja huleta selimundu.

Hatua ya 1. Fungua alphafold.ebi.ac.uk, ni bure. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika P68871, namba ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini ya binadamu. Ukiandika jina tu utamwagiwa hadi za samaki.

Hatua ya 2. Tafuta mfuatano wa herufi. Ziko 147, kila moja ni asidi amino, yaani kipande cha kujengea protini. Zinaanza MVHLTPEEK. Hesabu hadi ya 7: ni E. Kwenye himoglobini ya selimundu hapo pana V. Vitabu vingi vinasema nafasi ya 6, kwa sababu M ya mwanzo hukatwa na mwili. (Hili lilinisumbua siku mbili nzima.)

Hatua ya 3. Sasa umbo lenyewe. Lizungushe kwa kidole, ila soma rangi kwanza. Buluu iliyokoza ina alama zaidi ya 90 kati ya 100, programu inajiamini. Chungwa ni chini ya 50: hapo usijenge hoja.

Himoglobini karibu yote ni buluu, na wanaosema "mashine imegundua" hapa wananikera. Mwanasayansi Max Perutz alianza kuihangaikia kwa eksirei huko Cambridge mwaka 1937, umbo likapatikana 1959. Maumbo ya aina hiyo yalikusanywa kwenye hifadhi ya PDB tangu 1971, na humo ndimo AlphaFold ilimofundishwa. Pia hulinganisha protini za jamaa: binadamu, farasi, kuku. Herufi mbili zikizoea kubadilika pamoja katika viumbe vingi, huenda zinagusana ndani ya umbo. Kwa hiyo inachosoma ni daftari la mageuzi, na daftari hilo liliandikwa na viumbe hai.

MASWALI

*Mkuu, nikiweka V badala ya E itanionyesha selimundu?*
Hapana. Utapata umbo lilelile, au karibu sana. Mnyororo mmoja peke yake haupindi. Shida huanza oksijeni ikishaachiwa: V hunasa kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, zinaungana kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi ndizo zinazoipinda chembe nyekundu kama mundu.

*Hizi nyuroni za kompyuta zinazoendesha AlphaFold ni sawa na za ubongo?*
Jina limeazimwa. Watafiti McCulloch na Pitts walichora nyuroni ya kihesabu mwaka 1943. Ndani ya mashine ni namba kuzidishwa na kujumlishwa. Mtoto akionyeshwa mbuzi wawili watatu anamjua mbuzi. Mashine hutaka picha lukuki.

*Kuna damu za wagonjwa humo?*
Hamna jina wala faili la mtu. Ila ukipimwa vinasaba mahali, soma fomu ya ridhaa kabla ya kusaini.

*Mwalimu, naweza kujua kama mwanangu ana selimundu?*
Kwa hii hapana, dada. Mpeleke hospitali akapimwe damu. Kwa kichanga, matone machache ya kisigino yanatosha.