Jinsi ya kupiga praima modeli ya plastiki

Praima, yaani rangi ya msingi inayopigwa kabla ya rangi yenyewe, husaidia rangi ishike, hasa rangi za akriliki, ambazo kwenye plastiki tupu hubanduka pamoja na tepu. Lakini kazi yake ninayoithamini zaidi ni ukaguzi. Kijivu kimoja kikishatanda kote, mkwaruzo wa msasa na mshono uliobaki wazi huonekana papo hapo.

1. Osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha kuondoa mafuta yaliyobaki kutoka kwenye kalibu. Vipande vya rezini visugue zaidi. Acha vikauke kabisa, kisha uvishike kwa glavu.

2. Piga msasa, funika. Maliza kwa msasa namba 600 hadi 1000, ufute vumbi. Sehemu zitakazogundishwa baadaye zifunike kwa tepu, kwa sababu gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki yenyewe. Haiwezi kupenya praima. Vioo navyo vifunike.

3. Chagua rangi ya praima. Kijivu kinafaa karibu kila kazi. Nyeupe huisaidia njano na nyekundu zing'ae. Nyeusi inayong'aa ni msingi mzuri wa rangi za kichuma kama kromu.

4. Puliza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tikisa kopo la praima ya kupuliza kama dakika mbili. Likiwa baridi, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, wala usiliweke kwenye jiko. Kaa umbali wa sentimita 15 hadi 25. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake bila kusita, uachie upande wa pili. Ukianzia juu ya kipande, matone ya mwanzo yatatua hapo hapo.

Mkono (tabaka) wa kwanza uwe kama ukungu tu, plastiki bado ionekane. Ngoja dakika 10 hivi, rudia. Mikono miwili au mitatu myepesi inatosha. Mmoja mzito hufunika mistari ya paneli (mifereji myembamba iliyochorwa kwenye modeli), na praima yenye kiyeyusho kikali huweza hata kula plastiki. Ukiona uso umekuwa wa chengachenga, rangi inakauka hewani: sogea karibu. Siku ya unyevu mwingi ahirisha.

Fanya haya penye hewa, mbali na moto, ukivaa kinyago chenye kichujio cha mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo.

5. Kagua. Shika kipande chini ya taa ya pembeni, ukigeuzegeuze. Penye kasoro jaza puti, piga msasa, puliza praima hapo tu. Praima za maji ni ngumu kupigwa msasa zikiwa mbichi, huchanika vipandevipande, hivyo zipe saa 24. Za kopo zenye kiyeyusho hunuka hadi zikauke: harufu ikiisha, unaweza kuanza rangi.