SOMO: Kufunga giaboksi ya gia za mkono kwenye injini ya zamani iliyofanyiwa ovahoo

Swali ni lilelile kila mara: "Giaboksi imegoma kuingia, nifanyeje?" Naliandika hapa mara moja, tuelekezane huku.

1. Badilisha oili sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, sasa. Ikivuja baadaye utashusha kila kitu upya.

2. Weka pailoti bushi mpya kwenye tundu la nyuma ya krenki, maana ndiyo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Kama ni ile ya shaba yenye vinyweleo, iloweke kwenye oili safi ya injini, usiipake grisi.

3. Flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki): uso usiwe na nyufa wala madoa ya bluu ya joto. Boliti mpya, toki renchi (spana ya kupimia mkazo), kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

4. Klachi pleti ina upande wake. Soma maandishi yaliyogongwa juu yake. Iweke kati kwa shafti kuukuu ya giaboksi, kisha kaza presha pleti (inayobana klachi pleti kwenye flaiwili) kwa kupishana, kidogo kidogo.

5. Kuingiza giaboksi. Kazi nyingi huharibikia hapa. Ipandishe kwa jeki mpaka ilale mstari mmoja na injini. Iweke kwenye gia ya juu, ili ukizungusha shafti ya nyuma, ya mbele nayo izunguke na meno yapate njia. Ikibaki sentimita moja au mbili ikagoma, USIIVUTE KWA BOLITI. Iliyokaa sawa huingia kwa mikono hadi nyuso mbili zigusane. Ikigoma ina sababu: pleti haiko kati, bushi si yake, au ncha ya shafti inagota ndani ya krenki. Ukilazimisha, bushi inapondeka na sikio la nyumba ya klachi (kasha linalofunika klachi kati ya injini na giaboksi) linapasuka.

Wala usiiache ining'inie kwenye shafti ukaenda kutafuta spana. Uzito wote unabebwa na kitovu cha klachi pleti, kinapinda, halafu ukikanyaga klachi haiachii. Gia zitaingia kwa kelele na utalaumu giaboksi isiyo na kosa.

Pini mbili za kuelekeza lazima ziwepo. Zenyewe ndizo zinazoweka kati. Boliti hubana tu. Kama nyumba ya klachi imetoka injini nyingine, funga dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo) kwenye flaiwili, zungusha krenki, upime tundu la katikati la nyumba hiyo. Tofauti ya jumla isizidi inchi 0.005, karibu milimita 0.13.

6. Klachi ya kebo au fimbo iachie mchezo kidogo kwenye pedali. Bila mchezo, thrasti ya krenki (bearing inayoizuia isisogee mbele na nyuma) inasukumwa muda wote, na hiyo ni injini uliyotoka kuijenga.

7. Rudisha propela (shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma) na swichi ya taa ya rivasi, jaza oili. Basi.

MASWALI

– Mkuu, yangu imebaki kama sentimita moja. Nikikaza boliti taratibu si itaingia?
– Soma namba 5.

– Nimesoma, ila fundi wangu hukaza tu na zinaingia.
– Basi muulize yeye. Mimi nimeshasema.

– Injini yangu ilikuwa ya otomatiki. Kuna cha kuangalia zaidi?
– Swali zuri sana, mkuu. Kwanza, krenki nyingine za otomatiki hazikuchongwa tundu la bushi; pima kabla hujanunua chochote. Pili, boliti za otomatiki mara nyingi ni fupi, usizitumie kwenye flaiwili. Tatu, balansi (uzito wa kusawazisha mzunguko). Injini ya Chevrolet 454 ina uzito wa balansi kwenye flaiwili yenyewe. Injini za Ford 302 za miaka ya 1970 balansi yake ni aunsi-inchi 28, za mwishoni mwa miaka ya 1980 ni 50. Ukichanganya, injini itatetemeka mpaka ile bearing zake.

– Oili ya gia ya daraja la GL-5 si bora kuliko ya GL-4?
– Si kwa sinkro (pete za kulinganisha mwendo wa gia) za shaba. Viambato vya GL-5 nyingi huila shaba, na utelezi wake huzuia sinkro kushika. Fuata kitabu.

– Bushi ya zamani imekwama, naitoaje bila kukwaruza krenki?
– Jaza grisi kwenye tundu, tafuta chuma cha duara kinachoenea barabara, kigonge kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma bushi nje. Ongeza grisi, rudia. Vaa miwani, huwa inaruka.

– Mimi hukata vichwa vya boliti mbili ndefu, nazifunga kwenye bloku, giaboksi inateleza juu yake.
– Safi sana. Zichonge mfereji wa bisibisi kwenye ncha, uzitoe kirahisi ukimaliza.