Jinsi ya Kuandika Kumbukumbu za Mtangazaji wa Usiku Aliyestaafu

Tarehe 20 Mei 2015, David Letterman, mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo na vichekesho katika televisheni ya Marekani, aliaga jukwaa la Ed Sullivan Theater mjini New York baada ya miaka 33 na vipindi 6,028 vya usiku, kwanza katika kituo cha NBC na baadaye CBS. Alikuwa amempita hata Johnny Carson, mtangazaji wa The Tonight Show ya NBC, aliyemfungulia njia katika kazi hiyo na ambaye mwenyewe aling'atuka mwaka 1992 baada ya miaka 30. Watazamaji wake wa siku nyingi walitaka kusema neno, na wapo ambao bado wanataka, lakini wakishika kalamu hujikuta wanaandika wasifu: alizaliwa Indianapolis mwaka 1947, akasoma taarifa za hali ya hewa katika televisheni ya mji wake, kisha akaenda Los Angeles kutafuta riziki ya uchekeshaji. Hayo yamekwisha kuandikwa na watu wenye nyaraka mikononi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuandika kile ambacho nyaraka hazina, yaani alivyokuwa mtu huyo kwa aliyemtazama usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka.

Andika kwanza, tafuta video baadaye

Hatua ya kwanza ni kuandika unachokikumbuka kabla hujafungua video yoyote. Vipande vya vipindi vyake vimejaa kwenye intaneti na kishawishi cha kuanzia huko ni kikubwa, lakini ukishatazama kipande kimoja, picha ya kamera huifunika picha uliyokuwa nayo kichwani, na baada ya hapo hutajua tena ipi ni yako. Chukua karatasi, chagua usiku mmoja tu, na ujibu maswali ya kawaida kabisa: ulikuwa chumba gani, nani mwingine alikuwa macho, sauti uliipunguza kiasi gani ili usiwaamshe waliolala, na asubuhi yake ulitakiwa kuamka saa ngapi.

Swali la saa lina uzito kuliko linavyoonekana. Tangu tarehe 1 Februari 1982 hadi Juni 1993, kipindi chake cha NBC kilianza karibu saa sita na nusu usiku, baada ya Carson kumaliza. Aliyekitazama miaka hiyo alikuwa mwanafunzi, mfanyakazi wa zamu, mzazi wa mtoto mchanga au mtu asiyepata usingizi, kama si yule aliyekirekodi kwenye kanda ya video akakitazama siku ya pili. Kuanzia tarehe 30 Agosti 1993, CBS ilimweka saa tano na dakika 35 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, akakabiliana uso kwa uso na Jay Leno, aliyerithi kipindi cha Carson huko NBC, na watu ambao hawakuwahi kukesha kwa ajili yake wakamfahamu kwa mara ya kwanza. Makundi haya mawili yalimjua mtu yuleyule kwa namna mbili tofauti, kwa hiyo mweleze msomaji mapema wewe ulikuwa wa kundi lipi.

Linganisha sentensi mbili uone ninachokusudia. Ya kwanza inasema: "Letterman alikuwa mcheshi wa kipekee aliyegusa maisha ya wengi." Ya pili, inayotaja orodha ya mizaha kumi iliyosomwa katika kipindi kuanzia namba kumi hadi moja, inasema: "Dada yangu alikuwa akirudi kutoka zamu ya hospitali wakati orodha ya mambo kumi inaanza, naye husimama mlangoni bila kuvua koti mpaka namba moja isomwe." Sentensi ya kwanza inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumtazama hata siku moja. Ya pili haiwezi.

Hakiki tarehe, usihakiki hisia

Ukishamaliza kuandika kwa kichwa, ndipo uhakiki. Kosa linalotarajiwa zaidi ni kuchanganya miaka ya NBC na ile ya CBS. Suti ya Velcro, yaani kitambaa cha kunasiana, aliyoivaa akaruka na kunasa ukutani ni ya mwaka 1984, katika studio ya NBC iliyoko Rockefeller Center. Mama yake, Dorothy, akiripoti kutoka Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Lillehammer mwaka 1994, ni wa CBS. Rupert Jee, mwenye duka la vyakula jirani na ukumbi, ni wa CBS pia. Mzee Calvert DeForest, mwigizaji wa vichekesho, alionekana kote kuwili, lakini jina lake la jukwaani, Larry "Bud" Melman, lilibaki NBC, kwa kuwa kituo hicho kilidai kwamba majina na vipengele vilivyobuniwa kwake ni mali yake. Orodha ya mambo kumi ilianza Septemba 1985 na ikavuka naye. Paul Shaffer, kiongozi wa bendi, hatakusaidia kubaini mwaka, maana alikuwapo tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho.

Jihadhari pia na maneno "moja kwa moja". Kwa kawaida kipindi kilirekodiwa mchana ukielekea jioni na kurushwa usiku, kwa hiyo watu waliokuwa ukumbini walikuwa wamekwisha kurudi makwao wakati wewe unacheka. Ukikuta kwamba kumbukumbu yako inapingana na rekodi, sahihisha tarehe na uache mengine yalivyo. Kama ulilia usiku fulani, ulilia, hata kama uliuweka mwaka usio wake.

Unganisha usiku mmoja na mwingine

Hapa ndipo mtazamaji wa siku nyingi anapokuwa na kitu cha kumpa msomaji. Mtu aliyetazama kipindi cha mwisho peke yake aliona bendi ya Foo Fighters ikipiga "Everlong" huku picha za miaka yote zikipita kwa kasi, akadhani ni muziki mzuri uliochaguliwa kufunga hafla. Aliyekuwapo tangu zamani alijua zaidi. Mwezi Januari mwaka 2000 Letterman alifanyiwa upasuaji wa moyo, mishipa mitano ikapandikizwa njia mpya za damu, na aliporudi kazini tarehe 21 Februari aliwapandisha jukwaani madaktari na wauguzi waliomtibu, sauti ikimkwama kooni. Usiku huo Foo Fighters walikuja wakapiga wimbo huohuo, kwa sababu ndio aliokuwa akiupenda. Miaka 15 baadaye wimbo ulimfungia kazi, na maana yake ilikuwa imelala katika ule usiku wa Februari.

Endelea kuvuta uzi huo na utafika mbali. Tarehe 30 Oktoba 2002 alimpa mwanamuziki Warren Zevon kipindi kizima, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo, kwa sababu Zevon alikuwa amegundulika kuwa na saratani isiyotibika. Letterman alimuuliza kama sasa anajua jambo lolote kuhusu uhai na kifo ambalo wengine hawalijui, na Zevon akajibu kuhusu kufurahia kila sandwichi. Jibu hilo limenukuliwa sana. Ukiandika kuhusu usiku huo, usiishie kwenye jibu. Mtazame muulizaji, mtu ambaye chini ya miaka mitatu kabla yake kifua chake kilikuwa kimepasuliwa, na ambaye kwa miaka 20 alijulikana kwa kuwakwepa wageni kwa mzaha kila mazungumzo yalipokuwa mazito. Usiku huo hakukwepa. Zevon alifariki Septemba 2003.

Jozi nyingine ninayoipenda kuliko zote ni ya Carson. Mwezi Mei 1994, kipindi kilipokuwa kimehamia Los Angeles kwa muda, Carson aliingia jukwaani bila kutarajiwa na Letterman akamwachia kiti chake. Watu walisimama na kupiga makofi kwa muda mrefu. Carson aliketi nyuma ya meza, akatazama, akainuka, akaondoka bila hotuba, na hakuonekana tena katika televisheni mpaka alipofariki Januari 2005. Siku chache baada ya kifo hicho, tarehe 31 Januari, Letterman alifungua kipindi kwa vichekesho vyake vya kawaida kuhusu habari za siku, watu wakacheka kama kawaida, kisha akawaeleza kwamba vichekesho vyote walivyovisikia vimeandikwa na Carson, ambaye katika ustaafu wake alikuwa akimtumia. Mtazamaji aliyeziona siku hizo mbili anaweza kuandika kuhusu kustaafu kwa kina ambacho mwandishi wa habari wa siku moja hawezi kukifikia: kwamba mzee aliyekataa kurudi kwenye kamera bado alikuwa akisoma magazeti na kubuni mizaha, na kwamba kituo chake cha kupokelea kilikuwa meza ya kijana aliyemlea.

Kwa hiyo orodhesha siku tano au sita unazozikumbuka, kisha ujiulize ipi inaijibu ipi. Mara nyingi moja itakuwa na mwenzake. Hizo mbili ndizo uti wa mgongo wa maandishi yako, na nyingine unaweza kuziacha bila majuto.

Usiruke yaliyouma

Tarehe 1 Oktoba 2009 Letterman aliwaambia watazamaji kwamba mtu fulani alijaribu kumtoza dola milioni 2 kwa vitisho, na kwamba siri aliyotishiwa nayo ilikuwa ya kweli: alikuwa amefanya mapenzi na wanawake waliofanya kazi katika kipindi chake. Ukumbi ulicheka mwanzoni, kwa kuwa hadithi ilisimuliwa kwa mtindo wa vichekesho vyake, na kicheko hicho ni kigumu kukisikiliza leo. Siku chache baadaye aliomba radhi hewani kwa mke wake na kwa wafanyakazi wake.

Wapo wanaoona kwamba maandishi ya kuaga si mahali pa kulitaja jambo hili. Naamini wanakosea. Ukiliacha, msomaji anayelifahamu ataona unaficha, na hatakuamini hata unaposema kweli kuhusu Zevon au Carson. Halihitaji kurasa, aya moja inatosha, mradi iseme ulifikiri nini usiku ule na unafikiri nini sasa, na isimzungumzie mtangazaji peke yake bila kuwakumbuka wanawake waliokuwa chini ya mamlaka yake. Kama uliacha kumtazama kwa muda kwa sababu hiyo, andika hivyo.

Ukweli huohuo unahitajika kuhusu miaka uliyoipoteza. Ni wachache walioona vipindi vyote. Watu walioa au kuolewa, walipata watoto, walianza kulala mapema, na kufikia mwaka 2014 alipotangaza kwamba ataondoka, wengi wa waliojiita watazamaji wake walikuwa wakimwona kwa vipande tu. Wiki za mwisho ziliwarudisha, na kipindi cha kuaga kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 13. Kurudi huko kuna hadithi yake, tena yenye uzito. Eleza ulikuwa umeacha lini, na ni nini hasa ulichokuta hakijabadilika uliporudi.

Kustaafu si msiba

Katika lugha ya kuaga ni rahisi kuteleza ukaandika kama vile unamzika mtu. Letterman yu hai, na mwaka 2018 alirudi na mfululizo wa mahojiano katika Netflix akiwa na ndevu nyeupe ndefu. Tumia wakati uliopita kwa kipindi na wakati uliopo kwa mtu. Kilichokwisha ni saa ile ya usiku na kikosi kilichoijaza: Shaffer kwenye kinanda, Alan Kalter akitangaza, Biff Henderson akisimamia jukwaa, mafundi na waandishi ambao majina yao yalipita kwa kasi mwishoni. Wape hao nafasi, kwa sababu nao waliondoka usiku uleule na hawakuandikiwa mengi.

Stephen Colbert alianza katika ukumbi huohuo Septemba 2015. Kumlinganisha na mtangulizi wake ni mada nyingine, na ukiigusa itakula nafasi ya uliyokusudia, kwa hiyo iache.

Maneno mia nane yanatosha kwa siku mbili zilizounganishwa vizuri. Yasome kwa sauti, na kila sentensi inayoweza kumfaa mtangazaji mwingine yeyote uiondoe au uiandike upya. Kisha mpe mtu aliyekuwa akitazama pamoja nawe ayasome kabla hujayachapisha: yeye ndiye anayejua kama televisheni ilikuwa sebuleni au chumbani, na kama aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi alikuwa wewe au baba. Mwishoni mwa maandishi weka mwaka ulioanza kumtazama na mwaka ulioishia, ili msomaji ajue ushahidi wako unaanzia na kuishia wapi.