Uchaguzi mdogo Alberta: mambo ya kuzingatia kabla hujatoka nyumbani

Hakikisha kwanza uchaguzi wenyewe unakuhusu. Unafanyika katika jimbo moja tu la uchaguzi lililobaki bila mbunge, na mipaka ya majimbo haifuati mipaka ya miji. Mwaka 2022 Danielle Smith alishika uwaziri mkuu wa mkoa wa Alberta, Kanada, akiwa hana kiti bungeni. Mbunge wa jimbo la Brooks-Medicine Hat akajiuzulu kumpisha, kura zikapigwa tarehe 8 Novemba. Sasa, mji wa Medicine Hat umegawanywa kati ya majimbo mawili: mtu wa mtaa huu alipiga kura, shemeji yake wa upande wa Cypress-Medicine Hat hakuwa na uchaguzi wowote. Usiulize jirani. Tafuta anwani yako kwenye ramani ya Elections Alberta, tume ya uchaguzi ya mkoa.

Uwe raia wa Kanada, umri miaka 18 au zaidi, na makazi yako yawe ndani ya jimbo. Mkazi wa kudumu hapigi kura, hata kama amelipa kodi miaka kumi. Mji wa Brooks una kiwanda kikubwa cha nyama chenye wafanyakazi wengi waliotoka Sudan, Somalia, Ethiopia na Kongo, na si wote wameshakula kiapo cha uraia. Kumsukuma mwenzako akapige kura wakati hana sifa ni kumtia matatani kisheria, si kumsaidia.

Sasa anwani, na hapa tutulie, maana ndiyo inayowarudisha watu mlangoni. Kitambulisho kimoja cha serikali kinatosha kikiwa na picha, jina na anwani ya unapoishi. Ukikosa hicho, beba hati mbili zenye jina lako, mojawapo ionyeshe anwani. Pasipoti ya Kanada haina anwani iliyochapwa, kwa hiyo peke yake haikuvushi.

Mashambani barua huenda kwenye sanduku la posta mjini. Sanduku linasema barua zinakofikia, halisemi unakolala, tena huenda liko jimbo jingine kabisa. Shamba hutambulika kwa maelezo ya upimaji wa ardhi: robo (ekari 160), sekta (maili moja ya mraba), taunishipu (sekta 36), renji (safu ya taunishipu), kisha meridiani (mstari wa kaskazini-kusini ambao renji huhesabiwa kutoka kwake). Inakili herufi kwa herufi kutoka kwenye hati. Brooks iko magharibi ya meridiani ya 4, yaani W4. Ukiandika W5 badala ya W4 umejihamisha zaidi ya kilomita 250, hadi ng'ambo ya Calgary.

Karatasi inayookoa ni bili ya umeme au gesi inayoonyesha mahali huduma inapotumika, au hati ya kodi ya ardhi, au mkataba wa pango. Isome kabla hujaikunja mfukoni. Bili ikiwa na jina la mume, mwenye nyumba au mwajiri, haikusaidii wewe. Na usingoje uchaguzi utangazwe ndipo uwapigie benki wabadilishe anwani: kampeni ni siku 28, taarifa ya benki huja mara moja kwa mwezi. Hesabu mwenyewe.

Kazini. Vituo hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Sheria inakupa saa tatu mfululizo ndani ya muda huo bila kukatwa mshahara, lakini si kwamba kila mtu ataruhusiwa kutoka. Ukitoka zamu saa 8 na nusu mchana, saa zako tatu unazo tayari. Ukiwa zamuni saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, ndipo mwajiri lazima akupe nafasi, na yeye ndiye huchagua saa zipi. Ongea na msimamizi mapema, si asubuhi ya siku hiyo.

Kura ya mapema hupigwa Jumanne hadi Jumamosi kabla ya siku yenyewe. Vituo vyake ni vichache na umbali ni mrefu: Brooks hadi Medicine Hat ni zaidi ya kilomita 100, na Novemba barabara huwa na barafu. Jaza mafuta, angalia matairi.

Usichanganye na uchaguzi wa shirikisho. Mwaka 2025 mashambani Alberta kulikuwa na uchaguzi mdogo wa mkoa Olds-Didsbury-Three Hills tarehe 23 Juni, kisha wa shirikisho Battle River–Crowfoot tarehe 18 Agosti, wenye wagombea 214 na karatasi ya kuandika jina kwa mkono. Tume mbili, kanuni mbili. Ulichokubaliwa kule usikitegemee huku.

Dereva wa lori atakayekuwa safarini aombe mapema karatasi maalumu ya kura, ile ya kupigia kura bila kufika kituoni, atie sahihi panapotakiwa, na asiitegemee posta ya kijijini: kinachohesabika ni siku bahasha inapofika, si siku ilipotumwa. Fulana na kofia za chama ziache garini. Picha za karatasi ya kura, usipige. Na jioni ukirudi, punguza mwendo. Kulungu hutokea ghafla.