Kupokezana mashine: DJ wa amapiano anapomwachia wa singeli

Usiku mmoja wa burudani Dodoma, iwe ukumbini Kisasa, kwenye uwanja wa wazi Area D au sherehe ya wanachuo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), siku hizi unaweza kubeba ma-DJ watatu au wanne, kila mmoja na mtindo wake. Anafungua wa zilipendwa na dansi, anafuata wa Bongo Fleva, kisha amapiano, na singeli inafunga. Watu wanaocheza ni mchanganyiko wa watumishi waliohamia kutoka kila mkoa, wanafunzi na wenyeji, kwa hiyo kubadilika kwa mtindo si tatizo kwao. Wanachokikimbia ni mdundo uliokatika vibaya, sauti iliyoruka ghafla, au dakika nzima ya ukimya huku DJ mpya akihangaika na waya. Na kwa baridi ya hapa mwezi wa Juni na Julai, mtu akisharudi kwenye kiti na kuvaa koti, kumwinua tena ni kazi.

Makabidhiano mazuri hupangwa na watu wawili. Anayetoka na anayeingia wakubaliane wimbo wa mwisho na wimbo wa kwanza kabla zamu haijafika. Hayo mengine yote ni ufundi wa kutekeleza makubaliano hayo.

Anza na namba, jina la mtindo baadaye

Bongo Fleva nyingi za kuchezeka ziko kati ya mapigo 90 na 110 kwa dakika (BPM). Amapiano hukaa 110 hadi 115, mara nyingi 112 au 113. Afro house ni 120 hadi 124. Singeli huanza kama 180 na kuvuka 220 bila jasho, na nyingine hukaribia 300. Ukizitazama hivi utaona kwamba mitindo inayoonekana kuwa mbali ni jirani. Amapiano ya 112 ni nusu kamili ya singeli ya 224. Bongo Fleva ya 105 ni nusu ya singeli ya 210. Kila pigo moja la wimbo wa taratibu linabeba mawili ya singeli, na masikio ya watu hayalalamiki.

Mtindo ukitofautiana na mwingine kwa kiasi kidogo, kutaneni katikati. Tuseme anayetoka yuko 103 na anayeingia anataka 112. Pengo hilo ni karibu asilimia 9, kubwa mno kwa mmoja kulibeba peke yake, kwa sababu hata ukiwasha kufuli ya sauti ili mwimbaji asibadilike, ukivuka asilimia 6 hadi 8 sauti huanza kukwaruza na ngoma kulegea. Anayetoka apandishe nyimbo zake mbili za mwisho pole pole hadi 107 (asilimia 3.9 juu), na anayeingia aanze kwa 107 (asilimia 4.5 chini). Baada ya makabidhiano anarudi 112 taratibu, nusu pigo kila baada ya sekunde kadhaa, akisubiri mahali ambapo hakuna anayeimba.

Kutoka 90 kwenda 120 ipo njia nyingine. Mapigo matatu ya 90 huchukua sekunde 2, na mapigo manne ya 120 huchukua sekunde 2 vilevile. Weka lupu (kipande kinachojirudia) ya mapigo matatu kwenye wimbo wa 90, iache izunguke mara nne, kisha achia wimbo wa 120 pale lupu inapoanza upya. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kutoka 84 kwenda 112. Isizidi sekunde nane hivi, la sivyo wachezaji wanaanza kupoteza hatua.

Ngoma zinazohesabika kwa tatu, kama nyingi za asili, ni daraja ambalo ma-DJ wengi wanalo kwenye flashi zao lakini hawalitumii. Ngoma inayotembea kwa 75, kila pigo kubwa likiwa na madogo matatu, inatoa mapigo madogo 225 kwa dakika. Hiyo tayari ni singeli. Sekunde 15 za ngoma tupu, bila mwimbaji, na singeli ya 225 inaingia juu yake kama ilikuwa inasubiriwa. Dodoma, ambako muheme wa Kigogo unajulikana, ngoma hiyo huinua watu hata kabla singeli haijasikika.

Angalizo kuhusu programu: nyingi huisoma singeli ya 210 kama 105. Kwa makabidhiano ya nusu na mara mbili hilo halina madhara, lakini DJ akitazama skrini bila kusikiliza anaweza kumwambia mwenzake namba isiyo sahihi. Nyimbo za dansi za bendi nazo kasi yake hupanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja, kwa sababu mpiga ngoma ni binadamu. Zima sync (kitufe kinacholinganisha kasi chenyewe), fuata kwa mkono.

Amapiano ya 112 kwenda singeli, hatua kwa hatua

1. Anayetoka achague wimbo wa mwisho wenye sehemu ndefu isiyo na mwimbaji, ikiwezekana mahali ambapo ngoma ya besi inapumzika na shekere inabaki peke yake. Amwambie mwenzake kasi halisi baada ya kusogeza pitch (kitelezi cha kasi), mfano "niko 112 kamili".

2. Anayeingia avute singeli yake hadi 224. Kama asili yake ni 218, ni asilimia 2.75 juu. Aweke kyu (alama ya kuanzia) kwenye pigo la kwanza kabisa na kuandaa lupu ya mapigo 16 yasiyo na maneno.

3. Kitufe cha besi cha singeli kizungushwe kushoto hadi mwisho. Fungu la amapiano linapoanza (hesabu mapigo 32, ambayo kwa 112 ni kama sekunde 17), singeli ianze ikiwa na sauti za juu tu, fida (kitelezi cha sauti cha chaneli) ikipanda hadi nusu.

4. Fungu linalofuata, anayetoka aondoe besi yake, kisha abane lupu: mapigo manne, mawili, moja, nusu. Nusu pigo la 112 hupiga mara 224 kwa dakika, yaani amapiano yenyewe imeshageuka kuwa mwendo wa singeli. Hapa ndipo watu huanza kupiga kelele.

5. Eko (mwangwi) ya nusu pigo kwenye chaneli ya amapiano, fida chini kwa mkupuo. Papo hapo anayeingia arudishe besi yake hadi katikati na kutoka kwenye lupu.

Kazi yote isizidi sekunde 40. Besi mbili zisikae pamoja hata kwa mapigo manane: log drum (besi yenye mlio wa ngoma) ya amapiano ni nzito na ndefu, na ikikutana na kiki (mapigo ya ngoma ya besi) za singeli zinazofuatana kwa kasi, spika za besi hutoa mngurumo tu. Usihangaike sana kuoanisha ufunguo (noti ya msingi) wa nyimbo hapa, kwa kuwa mchanganyiko ni mfupi. Ufunguo ni muhimu pale mnapochanganya nyimbo mbili zenye melodi kwa dakika nzima. Hapo, kwa alama za ufunguo ambazo programu huonyesha, 8A iende na 7A, 9A au 8B.

Kushuka

Kutoka singeli kurudi chini ni kugumu zaidi, na ratiba nyingi za harusi zinalazimisha hivyo, maana baada ya singeli kunaweza kuwa na keki au kamati kuitwa mbele. Usijaribu kuchanganya kwa muda mrefu. Kata singeli kwenye neno la mwisho la kiitikio, acha eko imalizike, subiri sekunde mbili au tatu za kimya cha makusudi, kisha anzisha wimbo unaojulikana ambao unaanza na sauti ya mtu kabla ya mdundo. Kimya kilichopangwa hupokewa kwa shangwe. Kile cha bahati mbaya watu hukijua kwa sababu DJ anainama. Kama MC ni mwelevu, mpeni hizo sekunde azitumie, lakini aambiwe mapema kwamba ni sentensi moja.

Mitambo inapobadilishwa

Hali nzuri ni wote kutumia mashine moja, kila mtu na flashi yake, iliyofomatiwa FAT32 kwa sababu mashine nyingi za CDJ (deki za kupigia muziki) hazisomi NTFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi mafaili. Kabla ya kuchomoa flashi yako hakikisha hakuna deki inayoisoma kupitia waya wa mtandao unaounganisha mashine. Ukichomoa wakati wimbo wako unapigwa deki ya pili, mashine itarudia kipande kifupi bila kukoma, na kosa litaonekana la mwenzako.

Mara nyingi zaidi kila DJ huja na kontrola (meza ndogo ya vitufe inayoendesha programu) na laptopu yake. Basi kila kontrola iingie kwenye chaneli yake ya mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya fundi mitambo, na ya pili iunganishwe wakati wa kwanza bado anapiga, fida ya chaneli hiyo ikiwa chini kabisa. Kuchomeka waya fida ikiwa juu hutoa mlipuko unaoweza kuua tweeter (spika ya sauti za juu). Waya wa RCA uingie kwenye tundu la line. Ukiingia kwenye phono (tundu la mashine ya santuri), sauti hutoka kubwa na iliyopasuka hata ukishusha geini (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia), na watu hupoteza dakika tano wakilaumu laptopu. Mngurumo wa umeme ukianza baada ya kuunganisha, chomoa chaja ya laptopu kwa sekunde chache. Ukinyamaza, tatizo ni ardhi ya umeme: chomekeni laptopu zote na mikisa kwenye ekstensheni moja, au tumieni DI boksi (kisanduku kinachotenganisha ardhi ya umeme kati ya vifaa).

Sync kwa kawaida haivuki kutoka kontrola moja kwenda nyingine, kwa hiyo kusikiliza ni lazima. Usisikilize kupitia spika kubwa zilizo mbali. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Spika iliyo mita 10 kutoka ulipo inachelewa milisekunde 29, na pigo la singeli ya 224 lina milisekunde 268 tu. Umeshakosea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla hujagusa kitu. Omba monita ndogo karibu na meza, hata spika moja ya kawaida inatosha, sikio moja huko na jingine kwenye hedifoni.

Upepo wa kiangazi hapa unaleta vumbi jekundu linaloingia kwenye fida. Dalili ni kukwaruza au chaneli kukatika unapoipandisha, na hutokea wakati wa makabidhiano hasa kwa sababu ile chaneli ilikuwa haijaguswa saa nzima. Funika kwa kitambaa chaneli zisizotumika, na anayeingia asogeze fida yake juu na chini mara kumi hivi kabla ya kuanzisha wimbo.

Sauti isipande kila zamu

Kila DJ anayeingia hupenda kusikika kidogo zaidi ya aliyemtangulia. Wa tatu anakuta taa nyekundu zinawaka, wa nne hana pa kupandia, na limita (kizuizi cha sauti kubwa) ya amplifaya imeshabana kila kitu hadi kiki haina nguvu. Dawa ni kipande cha selotepu. Weka alama mahali pa master (kitufe cha sauti yote) wakati wa kujaribu mitambo, na hakuna anayeigusa isipokuwa fundi. DJ wa kwanza apige desibeli 6 chini ya kiwango cha kilele, hivyo usiku unakuwa na nafasi ya kukua.

Geini ya kila wimbo ipangwe kwa kuangalia mita ya chaneli huku ukisikiliza kwenye hedifoni, kabla fida haijapanda. Zilipendwa zilizorekodiwa miaka ya 1970 na 1980 ziko chini ukilinganisha na nyimbo za sasa, kwa hiyo zinahitaji geini zaidi. Anayepokea kutoka kwa DJ wa zilipendwa akumbuke kurudisha kitufe hicho kama anatumia chaneli ileile, vinginevyo Bongo Fleva yake ya kwanza itapasua masikio ya wazee waliokaa mbele. Singeli nayo ina sauti nyingi za katikati na za juu. Mita inaweza kuonyesha sawa na amapiano huku masikio yakiumia. Punguza za juu kidogo, kitufe kikiwa kushoto kidogo ya katikati, pale mshale mfupi wa saa ungekuwa kwenye namba 11.

Adabu ya zamu

Anayeingia afike dakika 30 kabla, asikilize, aone watu wanaitikia nini. Anayetoka asiguse hiti za mtindo wa mwenzake. Kupiga singeli tatu kali halafu kumwachia DJ wa singeli ni uhuni, tuseme wazi. Asichomoe waya wala kuzima laptopu mpaka wimbo wa pili wa aliyeingia uwe unapigwa, kwa sababu laptopu ya mwenzake ikiganda, yake ndiyo inayookoa. Umeme ukikatika katikati ya makabidhiano, laptopu zitabaki hai lakini mikisa itazima: fundi ashushe master, nanyi mshushe fida zote, kabla jenereta haijawashwa, amplifaya ziwashwe mwisho, na arudi kwanza yule aliyekuwa anatoka, kwa wimbo mmoja, kisha makabidhiano yaanze upya.