Kurekebisha Uso wa Polikaprolaktoni na Kupima Ushikaji wa Seli

Polikaprolaktoni, polima ya kutengenezwa inayotumika kukuzia seli, hufinyangwa kwa urahisi na huoza polepole mwilini, lakini uso wake husukuma maji na hauna alama yoyote ambayo seli huitambua. Kabla ya kugusa kemikali, elewa kwamba seli hukutana na polima yenyewe kwa nadra sana: mara tu utando wa polima hii unapotiwa katika kimiminiko chenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), protini huufunika, na ni protini hizo, hasa fibronektini na vitronektini, ambazo integrini za seli, yaani vipokezi vya kushikia vilivyo juu ya seli, huzishika.

Loweka utando katika mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu wa moli 1 kwa lita kwa saa chache. Alkali hukata viungo vya esta, vinavyounganisha mnyororo wa polima, na kuacha makundi ya karboksili na hidroksili. Ukizidisha muda, utando hudhoofika. Suuza vizuri, kisha pima pembe ya tone la maji juu ya uso, ambayo hupungua kadiri uso unavyokubali maji. Sasa unaweza kutumia karbodiimidi, kemikali ya kuunganishia, kuunganisha makundi ya karboksili na peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) yenye arjinini, glisini na asidi aspatiki, mfuatano ambao Pierschbacher na Ruoslahti waliutambulisha mwaka 1984 kuwa sehemu ya fibronektini inayoshikwa na seli. Takasa utando dhidi ya vijidudu kwa ethanoli ya asilimia 70, kamwe si kwa mvuke wa moto, kwa kuwa polima hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi.

Panda seli bila seramu, la sivyo protini zake zitaficha kazi ya peptidi. Weka pia utando usiorekebishwa, na mwingine wenye peptidi ambayo asidi aspatiki yake imebadilishwa kwa asidi glutamiki. Bila huo wa pili, hutajua kama seli zimevutwa na mfuatano au na chaji tu. Baada ya saa moja, osha kwa nguvu ileile kila mahali. Hatua hii inastahili uangalifu kuliko zote, kwani mkono mzito kwenye kisima kimoja cha sahani ya kukuzia seli huzaa tofauti ambayo haipo.

Hesabu viini vya seli kwa hadubini, lakini tazama na umbo: seli iliyobaki duara imekwama tu, ilhali iliyotandaa na kuonyesha vinkulini, protini ya sehemu za mshiko, kingoni imejishikiza kweli. Hatimaye rudia jaribio ukiongeza peptidi huru kwenye kimiminiko, ambayo itagombania integrini na ile ya utando. Ushikaji ukishuka, integrini ndizo zilizohusika.