SOMO: Hita inatoa joto upande wa dereva, upande wa abiria baridi

Juni imeingia, Njombe na Makete asubuhi hakukaliki, na simu yangu imejaa swali lile lile: "Fundi, mimi dereva napata joto, mama watoto kushoto anatetemeka, tatizo nini?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza bila kusoma nitamtajia namba ya hatua na kuishia hapo.

Kwanza elewa mfumo wenyewe. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa, na vimlango vya plastiki vinaamua hewa kiasi gani ipite kwenye rejeta hiyo na kiasi gani ipitilizie pembeni ikiwa baridi. Gari lenye joto la pande mbili (Harrier, Prado, Crown, Mark X nyingi) lina kimlango cha dereva na kimlango cha abiria, kila kimoja na mota yake. Basi ubaridi wa upande mmoja una wahusika wawili tu: kimlango hakifunguki, au maji ya moto hayaienei rejeta yote. Wengi wanakimbilia kununua mota wakati ugonjwa uko kwenye maji, kwa sababu mota inabadilishwa bila kulowana.

1. Zima DUAL, kile kitufe kinachotenganisha joto la dereva na la abiria, weka pande zote joto la mwisho. Usicheke, nimeshalipwa kwa kubonyeza kitufe hicho.

2. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta kubwa uangalie maji. Ile chupa ya akiba kuwa imejaa si ushahidi. Rejeta inaweza kuwa imepungua na chupa iko pale pale.

3. Washa gari mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida. Ukigoma kupanda, kuna fundi aliwahi kuing'oa themostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto) akakwambia "gari za huku haziihitaji". Rudisha themostati kwanza, halafu urudi hapa.

4. Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta hadi mizunguko kama 2,500, ushikilie kwa dakika moja hivi, mkono ukiwa kwenye tundu la abiria. Joto likija, kisha likakimbia ukiachia, shida ni maji: yamepungua, yana hewa, au rejeta ndogo imeziba. Ukisikia na mlio wa maji kububujika nyuma ya dashibodi, hiyo ni hewa. Pasipobadilika kitu, elekeza macho kwenye kimlango.

5. Fungua boneti, tafuta mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Iguse kwa uangalifu. Yote moto, maji yanapita. Mmoja moto na mwenzake vuguvugu, rejeta imeziba, ruka hadi hatua ya 7.

6. Kimlango. Toyota nyingi za pande mbili zinajipima zenyewe. Bana AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, bila kuachia washa swichi hadi ON. Taa zitamulika mara nne, kisha namba zitakuja. 00 ni salama. 31 au 41 ni kimlango cha abiria, 36 au 46 ni cha dereva. Ikitokea 21, usiende kununua kitu: hiyo ni sensa ya jua, na ukipimia gerejini gizani inalalamika tu. Toa gari nje upime upya. Baada ya hapo vua droo ya dashibodi ya abiria, mwambie mtu abadilishe joto kutoka baridi hadi moto, wewe tazama mota. Ikigonga tak-tak-tak bila kusogea, meno yake ya plastiki yameisha. Ichomoe, sukuma mkono wa kimlango kwa kidole. Hewa ikija moto, umemkamata mwizi.

7. Kusafisha rejeta ndogo. Hapa soma polepole.

Subiri injini ipoe. Si "imepoa kidogo", ipoe. Legeza klampu, kisha zungusha mpira kwanza ndipo uutoe. Ukiuvuta kwa nguvu, shingo ya rejeta inapinda au inapasuka ndani ya ukuta, na kuibadilisha ni kushusha dashibodi nzima. Mpira ulioganda upasue kwa wembe kwa urefu, nunua mpya. Mpira ni hela ndogo kuliko dashibodi. Andika upi unaingiza na upi unatoa, kisha peleka maji kinyume: yaingie kupitia wa kutoa. Tumia ndoo iliyoinuliwa au mpira wa bustani uliofunguliwa kidogo sana. USIPULIZE KOMPRESA. Rejeta hizi ni alumini nyembamba, na ikipasuka hutaiona, utasikia zulia la abiria limelowa. Usiweke asidi ya betri, usiweke asidi ya chooni. Badilisha mwelekeo mara kadhaa mpaka tope la kutu liishe na maji yatoke meupe. Kinga ndoo chini, usiache kulanti (yale maji ya rejeta yenye dawa) itiririke uani: ina ladha tamu, mbwa anailamba na inaua.

8. Jaza na utoe hewa. Paki gari pua ikitazama juu kwenye kilima, funga breki ya mkono, weka kigingi. Mfuniko uwe wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye joto la mwisho, washa, liache silensa, yaani lingurume bila kukanyaga mafuta. Minya mpira wa juu wa rejeta, ongeza kulanti kila inaposhuka, mpaka mapovu yaishe na mipira yote miwili iwe moto. Subaru nyingi zina skrubu ya plastiki ya kutolea hewa juu ya rejeta, ifungue kwa upole. Mapovu yasipoisha kabisa, au hewa ikirudi kila wiki, acha kuihangaikia hita. Kapime gasketi ya silinda hedi.

MASWALI

Kijana wa Makambako: Fundi gari yangu abiria baridi dereva moto. Msaada wa haraka tafadhali.

Gari gani? Hatua ya 4 imekupa jibu gani?

Kijana wa Makambako: Harrier. Hatua sijafanya, nipo barabarani.

Ukifika, fanya hatua ya 4.

Mama Upendo: Shikamoo fundi. Naomba kuelewa, kwa nini rejeta ikiziba ubaridi uwe upande mmoja? Si ingekuwa baridi kote?

Marahaba mama, umeuliza la maana. Rejeta ile ni mirija mingi myembamba, maji yanaingilia upande mmoja. Yakipita kwa kasi, yanafika mwisho bado ni moto. Yakipita kwa kusuasua, mirija ya mwanzo inameza joto lote na ya mwisho inapata maji yaliyokwisha poa. Kwenye magari mengi kuna kigawanyo cha hewa katikati ya rejeta, nusu inapasha dereva na nusu abiria. Aliye upande wa mirija ya mwisho ndiye anayeganda. Na ndiyo sababu kukanyaga mafuta kunasaidia: pampu ya maji inaendeshwa na injini, ikizunguka haraka inasukuma zaidi.

Dereva wa Prius: Yangu ni Prius ya 2011, pampu ni ya umeme. Hatua ya 4 inanihusu?

Haikuhusu, na asante kwa kuliona. Hiyo pampu haifuati mizunguko ya injini. Anza na usawa wa maji, halafu hatua ya 5, halafu pima pampu kwa mashine ya kupimia. Kumbuka pia injini yako inazima yenyewe, kwa hiyo hakikisha imepata moto kabla hujagusa mipira.

Mjuaji: Mimi natumia maji ya bomba miaka yote na hita inachoma. Kulanti ni biashara tu.

Biashara ni yangu, maana wenye maji ya bomba ndio wananiletea rejeta zilizojaa kutu. Tena Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji matupu yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mfuniko ukilegea, hutafika Makambako. Endelea.

Mjuaji: Sijasema usiuze.

Sawa.

Kamau wa Kinangop: Hapa kwetu baridi ni ile ile. Niko na coolant nyekundu ndani na jirani amenipatia ya kijani. Nachanganya ama?

Usichanganye kaka. Rangi haikuambii kitu, kila kiwanda kinapaka yake. Soma kopo na kitabu cha gari. Kama hujui iliyomo ni ipi, mwaga yote, suuza, jaza aina moja. Zisizopatana zinaweza kuganda uji, na uji huo utatua kwenye mirija ya rejeta ndogo kabla ya kwingine.

Mkinga: Nje ya mada kidogo. Kioo cha mbele kinaloa ukungu nikiwasha hita.

Washa na AC pamoja na hita. AC inakausha hewa, hita inaipasha. Zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ila ukungu ukiwa wa mafuta-mafuta na kuna harufu tamu, hiyo ni rejeta ndogo inavuja kulanti. Papasa zulia la abiria.

Dereva wa Fuso: Ni kweli ukipanda mlima Kitonga gari likianza kupata moto unawasha hita?

Kweli. Zima AC, hita mwisho, feni mwisho, madirisha wazi. Unaipa injini rejeta ya pili. Mshale ukiendelea kupanda, simama pembeni salama, zima, na usiguse mfuniko. Na hapo utawajua wale mafundi waliounganisha mipira ya hita kwa kipande cha bomba ili "kukomesha kuvuja": rejeta hiyo ya pili walishakunyang'anya.

Kijana wa Makambako: Nimefika. Nikikanyaga joto linakuja, nikiachia linakata. Ninunue mota?

Hapana. Hatua ya 2.

Kijana wa Makambako: Kesho asubuhi nafungua mfuniko. Nikikuta maji yapo chini?

Jaza, toa hewa kama hatua ya 8, kisha tafuta yalikokwenda. Angalia chini ya pampu ya maji, kwenye viungo vya mipira, na lile zulia. Nipigie picha ya rangi ya maji kabla hujaongeza chochote.